Mvua Isisingiziwe: Reli Yetu Hukatwa na Uzembe Kwanza, Maji Baadaye

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wa kujitegemea mbele ya baraza la vijana, Dakawa, mkoani Morogoro. Ameyaandika upya kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Siku nilipoalikwa kuzungumza na vijana wa Dakawa nilisimama chini ya mwembe na kuanza na swali moja. Nikawauliza: hapa Dakawa kuna stesheni? Wakacheka. Kila mtu anajua kwamba Dakawa ni mji wa barabara, mji wa mpunga na mji wa Mto Wami. Anayetaka kusikia honi ya garimoshi hana budi kwenda Morogoro au Kimamba. Kijana mmoja akaniuliza kwa sauti, "Sasa wewe ndugu yetu umetuletea hadithi ya reli ya nini?"

Nilimjibu hivi, nawe nakujibu hivyo hivyo. Maji yanayopita chini ya daraja letu la Wami ni yale yale yaliyotoka kuibomoa reli huko juu. Mto Kinyasungwe unaanzia nyanda za Dodoma, unateremka hadi Gulwe, unapenya katikati ya milima ya Usagara ukiitwa Mkondoa, unapita Kilosa, unajimwaga katika mbuga ya Mkata, kisha unatufikia sisi ukiitwa Wami na kwenda zake hadi Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Kwa hiyo matope unayoyaona hapa Dakawa wakati wa mvua ni barua. Inatoka Dodoma, inapitia Kidete na Kilosa, na imeandikwa na wale walioacha milima iwe vipara na makalavati yazibe. Kazi yangu leo ni kukusomea barua hiyo.

NILIYOYAONA KILOSA

Mwishoni mwa Desemba 2009 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, naishi Kilosa kwa shangazi yangu. Shangazi alikuwa mama lishe karibu na stesheni. Sare zangu, madaftari yangu na mafuta ya taa ya kusomea vilitoka katika sufuria yake ya wali na maharage, na wanunuzi wake walikuwa abiria na wafanyakazi wa reli.

Mvua ilinyesha, tuta la Mto Mkondoa likapasuka, maji yakaingia mjini. Maelfu ya watu wakakosa makazi, wakahamia kwenye mahema. Wakubwa walikuja, wakapigwa picha, wakatoa pole. Lakini huku nyuma, kati ya Kilosa na Gulwe, kipande cha kilometa 80 hivi, maji yalikuwa yameisomba reli mahali pengi. Haikuwa kazi ya siku tatu. Ilichukua miezi. Mwaka 2010 abiria wa Tabora, Kigoma na Mwanza ikabidi wapande basi hadi Dodoma ndipo walikute garimoshi.

Msomaji, jiulize: behewa lisipopita Kilosa, nani anakula wali wa shangazi? Aliuza sufuria moja, akauza ya pili, kisha tukahamia Dakawa kutafuta kibarua cha kupalilia mpunga. Hakuna aliyemwandika shangazi kwenye hesabu za hasara. Hasara iliyohesabiwa ni ya chuma na kokoto. Ya binadamu haikuwa na safu yake kwenye daftari.

Ndiyo sababu nimekuwa mkali kila ninaposikia mkubwa akisema, "Ni majanga ya asili, ni kazi ya Mungu." Tusimsingizie Mungu. Mungu alileta mvua. Kalavati aliloziba ni lipi?

MVUA HII SI MGENI

Watawala wetu wana tabia ya kushtuka. Kila mvua ikija wanashtuka kana kwamba ni mgeni asiyebisha hodi. Hebu tutazame historia.

Mwaka 1871 yule mzungu Stanley, akimtafuta Livingstone, alipita Morogoro kuelekea Usagara wakati wa masika. Mbuga ya Mkata ilikuwa imegeuka ziwa, msafara wake ukahangaika kwenye tope na watu wakaugua. Aliporudi mwaka 1872 akakuta mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo hapo Morogoro, umepigwa na mafuriko hata sehemu ya ukuta wake imekwenda na maji. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 kabla ya taruma la kwanza kulazwa.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa nini waliipitisha kando ya mto? Si kwa ujinga. Garimoshi si mbuzi, haliwezi kupanda mlima mkali. Kutoka Kilosa kwenda Dodoma, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, mlango uliokuwapo katika ile milima ni bonde la Mkondoa, njia ile ile ya misafara ya zamani. Basi reli na mto vikawekwa chumba kimoja, na tangu siku hiyo vinagombea kitanda.

Waliokuja baadaye walilijua hilo. Ndiyo maana katika enzi ya ukoloni yalichimbwa mabwawa kwenye bonde hili, pamoja na lile la Kidete, na huko juu Dodoma yakawapo Hombolo na Ikowa katika miaka ya 1950. Bwawa ni breki ya maji. Linayapokea yakija kwa hasira na kuyaachia kwa adabu. Lakini bwawa lisilotunzwa hujaa mchanga. Ikowa lilikwisha kuwa mfano darasani: watafiti walilipima mapema katika miaka ya 1970 na kuonyesha jinsi udongo wa mashamba ulivyokuwa ukilimeza. Breki ikiliwa, gari halisimami. Hili hata utingo wa daladala analijua.

Kisha ikaja El Nino ya 1997 na 1998, reli ikaharibiwa tena. Ikaja 2009 na 2010. Je, mtu anayepigwa ngumi jicho lile lile mara zote hizo bado anaweza kusema ameshtukizwa?

MAJI HUIVUNJAJE RELI?

Mimi si mhandisi. Nimeishia kidato cha nne. Lakini Kimamba nilimkuta mzee mmoja mstaafu wa gengi, akanifundisha kwa kijiti juu ya mchanga mambo ambayo hakuna mkutano wa waandishi wa habari ulionifundisha.

Kwanza, alisema, reli haikai juu ya ardhi. Chuma kinakaa juu ya mataruma, mataruma juu ya kokoto, kokoto juu ya tuta. Maji yakipita juu ya tuta huzoa kokoto kwanza, halafu udongo. Chuma kinabaki kinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Ukikitazama kutoka mbali utadhani ni kizima. Garimoshi likija usiku, hapo ndipo kifo.

Pili, kalavati. Chini ya tuta kuna matundu ya kupitishia maji ya vijito vya mlimani. Tundu likijaa mchanga, magogo na takataka, maji hayana pa kupita. Yanasimama. Tuta la reli linageuka bwawa ambalo halikujengwa kuwa bwawa, na likipasuka halichagui. Wenzetu wa Kenya walilipa kwa damu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa kuwa njia yake ya chini ilikuwa imeziba, yalipasua na kufagia nyumba watu wakiwa wamelala. Makumi ya watu walikufa. Kwanza watu walidhani ni bwawa lililopasuka. Lilikuwa kalavati lililoziba.

Tatu, nguzo za daraja. Maji yenye kasi huchimba chini ya nguzo pale usipoona. Juu daraja linapendeza, chini limesimama kwa mguu mmoja.

Nne, mchanga. Milima ikiliwa, mchanga unateremka mtoni, sakafu ya mto inapanda. Daraja lililojengwa likiwa na nafasi kubwa chini yake, baada ya miaka mtu mzima anapita chini kwa kuinama. Mvua ile ile ambayo zamani ilipita kwa amani leo inapanda juu ya reli. Pale Gulwe mchanga ni mgonjwa wa siku nyingi.

Na usidhani ni maji peke yake. Jua nalo lina lake. Chuma kikipata joto hurefuka: kilometa moja ya reli ikiongezeka joto kwa nyuzi 30 hutaka kurefuka kwa sentimita 35 hivi. Kama mataruma ni mabovu na kokoto ni chache, chuma kinajikunja ubavuni kama nyoka. Kwa hiyo reli mbovu haina msimu wa kupumzika. Kiangazi inapindwa, masika inasombwa.

GENGI LILIKWENDA WAPI?

Nilimuuliza yule mzee, "Sasa mzee wangu, enzi zenu mvua haikunyesha?"

Alinitazama akacheka. Akasema ilinyesha, pengine kuliko sasa. Ila kila baada ya kilometa kadhaa palikuwa na gengi, nyumba za wafanyakazi wa njia pamoja na mnyapara wao. Kabla ya mvua walizibua makalavati na kufyeka majani. Wakati wa mvua mtu alitembea na taa usiku kuikagua njia. Kiberenge kilitangulia mbele kutazama kabla garimoshi halijaruhusiwa. Mahali palipolegea palishindiliwa siku ile ile.

Msomaji, hapo ndipo penye siri. Kati ya miaka ya 1990 na mwaka 2007, kwa jina la kupunguza gharama na kubinafsisha, maelfu ya wafanyakazi wa reli walipunguzwa. Mwaka 2007 shirika likakabidhiwa kwa kampuni ya RITES ya India, ikiwa na hisa asilimia 51 na Serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Tukaambiwa mwekezaji ni mkombozi. Ndoa ile haikufika hata miaka mitano, Serikali ikarudisha hisa zake. Shehena iliyokuwa imezidi tani milioni 1.4 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishuka hadi chini ya nusu milioni baada ya 2010. Sisemi mafuriko peke yake ndiyo yaliyofanya hayo. Vichwa vya treni vilikuwa vibovu, madeni yalikuwapo, na malori yalikuwa yakineemeka. Nasema hivi: mgonjwa aliyekwisha dhoofika ndiye anayeuawa na mafua.

Tena reli iligawanywa. Mmoja akawa mwenye njia, mwingine akawa mwenye treni. Maji yakija, huyu anamtazama yule. Mwaka 2017 sheria mpya ikaunganisha yote chini ya Shirika la Reli Tanzania. Ilichukua miaka mingapi kutambua kwamba mwenye nyumba na mwenye paa ni mtu mmoja?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumevumbua mpya: hatuzibi ufa, tunasubiri ukuta uanguke, tunakopa fedha za kuujenga, kisha tunaalika bendi kwenye uzinduzi. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa kuikarabati reli hii na huduma zake. Fedha hizo zilileta kazi, sikatai. Lakini ni mkopo, na mlipaji ni mimi, wewe na shangazi.

NA BARABARA JE?

Wapo waliosema pale barazani, "Reli ikikatika si tunapanda basi?" Nikawakumbusha Januari 2014. Mafuriko yaliikumba Magole, Dumila na vijiji jirani zetu, barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika pale Magole. Magari yalipanga foleni hata hapa Dakawa. Machi 2020 ikakatika tena, pale Kiyegeya. Maana yake nini? Reli na barabara, mishipa miwili mikubwa kati ya Dar es Salaam na makao makuu ya nchi, yote inapita katika mkoa huu mmoja na kunyweshwa na milima jirani. Ikikatika yote miwili, lori linazunguka Iringa, mafuta yanapanda, na mkulima wa Dakawa anaambiwa mpunga wake bei imeshuka kwa sababu mnunuzi hawezi kufika. Anayekula ugali Tabora naye anaambiwa chumvi imepanda kwa sababu hiyo hiyo.

RELI MPYA ISITULEWESHE

Naisikia sauti nyingine: "Ndugu, wewe unaishi zamani. Sasa tuna reli ya kisasa!" Kweli. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huo huo. Nimeipanda. Ni nzuri, na inapita kwenye mahandaki karibu na Kilosa badala ya kuukumbatia mto kila mahali. Anayekataa sifa hiyo ana husuda.

Lakini hata reli hiyo inapita Kilosa, Kidete na Gulwe, katika bonde lile lile, chini ya milima ile ile. Nayo ina matuta, nayo ina makalavati, na kalavati halijui kama juu yake inapita treni ya dizeli au ya umeme. Tena reli ya zamani haijafa. Ndiyo inayomfikisha abiria Kigoma na Mpanda. Basi tuulize mapema, kabla ya mafuriko: nani anazibua makalavati ya reli mpya? Ana watu wangapi kati ya Kilosa na Gulwe? Maji yanayozuiwa na tuta jipya yanaelekezwa kwenye shamba la nani?

NASI WANANCHI TUJITAZAME

Ningekuwa mnafiki kama ningewasema vigogo nikatuacha sisi. Vijana wa Dakawa walinyamaza nilipofika hapa, nikajua nimegusa.

Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua kubwa Mgeta, katika milima yetu ya Uluguru, kwa muda wa saa chache. Milima ikaporomoka mamia ya mahali. Wataalamu walipokwenda kuhesabu waligundua jambo moja: karibu maporomoko yote yalikuwa kwenye mashamba na kwenye majani. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mvua ilikuwa moja. Mti ulishika udongo, jembe liliuachia.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nani kati yetu anaziacha? Tunalima bonde mpaka mguu unaingia majini. Tunachoma mkaa Ukaguru na kuuza barabarani, kisha mvua ikija tunalia na Serikali. Ni kweli mkulima hana pa kulima, na huwezi kumwambia mwenye njaa ahifadhi mlima kwa hotuba. Dodoma walijaribu tangu 1973 kwa mradi wa HADO, na Kondoa wakafika hadi kuondoa mifugo yote mwaka 1979. Amri peke yake haikutosha, kwa sababu mtu huhifadhi kile anachonufaika nacho. Mpe mkulima wa mlimani miche ya matunda, bei nzuri na hati ya ardhi, naye atakuwa askari wa mlima bila mshahara.

TUDAI NINI?

Sikwenda Dakawa kulialia. Tulikubaliana mambo manne, nami nakukabidhi.

Moja. Diwani na mbunge waulizwe kila mwaka kabla ya mvua, mbele ya mkutano wa hadhara: makalavati mangapi yamezibuliwa, ya reli na ya barabara? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu mapema. Hakuna wa kusema hakujua.

Mbili. Gengi lirudi. Waajiriwe vijana wa vijiji vilivyo kando ya njia, wa Munisagara, Kidete, Godegode na Gulwe, wapewe koleo, taa, simu na mshahara wa mwezi. Mtu mwenye simu anayeona tuta limepasuka usiku wa manane ataokoa mabehewa yaliyojaa watu.

Tatu. Mabwawa ya kupunguza maji katika bonde la Kinyasungwe na Mkondoa, Kidete likiwamo, yatajwe kwenye bajeti kwa jina, kwa fedha na kwa tarehe ya kumalizika. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu iko Morogoro, si mbali. Tuibishie hodi.

Nne. Hasara za watu zihesabiwe. Njia ikifungwa, mama lishe, mpagazi na mkulima wa nyanya wa Kimamba nao waingizwe kwenye daftari.

Tulipomaliza, yule kijana aliyeniuliza nimeleta hadithi ya reli ya nini alinisindikiza hadi darajani. Wami ulikuwa umejaa, mwekundu, unabeba magogo. Tukayatazama kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe hili gogo pengine limepita Kidete." Nikamwambia inawezekana. Akauliza, "Sasa nani anatembea na taa kule juu usiku huu?"

Sikuwa na jibu. Nimelileta swali lake kwako, ndugu msomaji, na kwa wale wanaolipwa ili walijibu.